Flashi Kwenye Kibuyu cha Mbegu

Mimi sina subira, na sijawahi kudai kuwa ninayo. Mume wangu husema mama yangu alinizaa akiwa na haraka ya kuwahi palizi. Basi atakayesoma haya ajue mapema kwamba mtu aliyelazimishwa kungoja mvua ndiye huyu anayeandika, na hasira nyingine hazijaisha mpaka leo.

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Newala, miaka ile biashara ilipokwisha kufunguliwa na kila kitu kikaanza kutupandia huku juu: mitumba, redio za watu binafsi, wanunuzi wa korosho waliokuja na mizani zao wenyewe, simu za mkononi, na mwishowe intaneti. Duka la kwanza la intaneti nililoingia lilikuwa Masasi, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kikinuka rangi na misumari. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo, mkali kama mimi, ndiyo maana tulielewana. Yeye ndiye aliyenifungulia blogu.

Blogu yenyewe ilikuwa ya mama yangu, ingawa mama hakuwahi kuiona. Mama aliishi Lulindi, karibu na kanisa, na kila likizo nilikwenda kukaa naye. Alikuwa msemaji. Akianza kisa cha utoto wake, jinsi walivyoteremka bondeni na mitungi kutafuta maji, jinsi kuku wa misheni alivyopotea na nani alimla, unaweza kuacha ugali ukaungua. Nilikuwa na laptopu ya mtumba, nikikaa naye mkekani naandika humo humo anavyosema. Kimakua nilikigeuza Kiswahili, lakini ule mdundo wake niliuacha. Nikishuka Masasi navipandisha visa vyake kwenye blogu. Watu wa kwetu waliokuwa Dar es Salaam walikuwa wakisoma na kuandika chini yake, "Bibi huyu anatumaliza." Nikimpelekea salamu hizo, mama alikuwa akiuliza, "Wananijua?" Nikimwambia wanamjua, anafurahi siku nzima.

Kisha mama akafariki. Alikuwa mzee, alikwenda kwa amani, tukamzika vizuri. Lakini tangu siku ile visa vile vikawa ndivyo vyote nilivyobaki navyo. Hakuna mtu ningeweza kurudi kwake nikamwambia, nirudie lile la kuku.

Mwenye duka la intaneti alikuwa amenionya tangu mwanzo juu ya mambo mawili. La kwanza, paswedi iwe ngumu. La pili, kila ulichokiandika kiwe na nakala, tena moja ikae mbali na nyumba unayolala, maana nyumba ikiungua inaungua na kila kilichomo. Hili la pili nililifuata kwa bidii zote. Nilinunua flashi mbili, nikazijaza visa vyote vya mama. Moja nikaiweka kabatini kwangu Newala. Ya pili nikaipeleka Mnyambe kwa mama mkubwa, yaani dada wa kuzaliwa wa mama yangu, aliyeolewa huko tangu ujana. Nilimchagua yeye kwa sababu hahami, hakopeshi, na hakuna mwizi wa Mnyambe anayethubutu kuingia kwake, kwa kuuogopa ule mdomo.

Na la paswedi? Jamani. Nilitafuta kitu ambacho siwezi kukisahau hata nikiugua malaria, nikaona hakuna kama jina langu la mama: Mama, halafu jina la mwanangu wa kwanza. Sasa kwetu huku nani anayemwita mtu mzima jina lake? Kuanzia asubuhi, sokoni, kisimani, kanisani, shuleni, ni "Shikamoo Mama Fulani," "Mama Fulani, hujambo." Mji mzima ulikuwa ukiitangaza paswedi yangu barabarani, na mimi naitikia marahaba.

Siku moja nilifungua blogu nikakuta matangazo ya dawa za kupunguza tumbo. Kisa cha kuku wa misheni hakipo, mahali pake kuna mzungu amevaa chupi anacheka. Visa vyote vimefutwa kimoja kimoja. Nikajaribu kuingia, nikaambiwa paswedi siyo. Huyo aliyeingia, sijui yuko Newala au ng'ambo ya dunia, alikuwa ameibadilisha. Nikawaandikia wenye mtandao, nikajibiwa na mashine ikinishukuru kwa kuandika. Baada ya wiki kadhaa blogu ikafungwa kabisa kwa kosa la kutangaza dawa.

Sikulia. Nilisema moyoni, laptopu ipo. Halafu nikakumbuka kwamba laptopu ilikuwa imeuawa na radi masika yaliyopita. Nikasema, flashi ya kabatini ipo. Nikafungua kabati, haipo. Mume wangu, bila kunyanyua macho kwenye redio, akasema aliichukua kuwapelekea kwaya wawekewe nyimbo za Pasaka. Nikamkimbilia mwalimu wa kwaya. Akanirudishia flashi kwa adabu, akanieleza kwamba nyimbo hazikuenea, kwa hiyo walipunguza vilivyokuwemo.

"Mlipunguza nini?"

"Hakuna kitu, mwalimu. Yalikuwa maandishi tu."

Maandishi tu. Nilimnunia yule bwana, nikamnunia mume wangu, na kwa muda nikaununia mji mzima. Mtu akinisalimia kwa heshima zake zote, naitikia huku najisemea, na wewe unaijua paswedi yangu. Mume wangu alivumilia sana kipindi kile, na chakula nilimpikia, ila maongezi alifanya na redio yake.

Ikawa imebaki flashi ya Mnyambe.

Nilikwenda kwa pikipiki, kiangazi, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Nilimkuta mama mkubwa uani anapukuchua mahindi, miguu ameinyoosha. Nikapiga magoti.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuja na uso huo?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa juu ya mwalimu wa kwaya, akamsema kidogo, nikapata faraja. Kisha nikamwambia, basi nipe ile flashi niliyokuachia. Akanipeleka jikoni, akaninyooshea kwa kidevu. Darini, juu ya mafiga, palining'inia kibuyu cheusi kwa moshi, kimezibwa kwa gunzi na kupakwa udongo wa kichuguu.

"Iko humo," akasema.

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Siku nilipomkabidhi, mimi mwalimu mwenye kupenda mifano nilimwambia hii ni mbegu ya maneno ya mama, itunze. Akaitunza. Aliifunga kwenye mfuko wa rambo, akaiviringisha kitambaa, akaitia kwenye kibuyu pamoja na mbegu za mahindi na kunde, akajaza majivu, akaziba, akaning'iniza juu ya mafiga, kama mbegu zote za ukoo wetu zilivyoning'inizwa tangu kwa bibi yetu.

"Mama mkubwa, moto unaviua vitu hivi."

"Moto unaua wadudu."

"Mimi nilisema ni kama mbegu."

"Mbegu ni mbegu. Ungesema ni chumvi ningeiweka kwenye chumvi."

Nikaomba kigoda nipande nikifungue. Hapo ndipo nilipomjua vizuri. Akasema kibuyu kinafunguliwa na mvua. Hakifunguliwi na njaa, hakifunguliwi na mgeni, na hakifunguliwi na mwalimu. Mwaka mmoja wa njaa, yeye na mama yangu wakiwa watoto, bibi yetu alifungua kibuyu kiangazi kwa huruma ya vilio vyao. Walikula siku chache. Mvua ilipokuja hawakuwa na cha kufukia, bibi akaenda kupiga magoti kwa wakwe kuomba mbegu, na wakwe hawakuacha kumkumbusha mpaka anazeeka. Tangu hapo ikawa sheria, naye aliolewa nayo Mnyambe. Tena, akasema, ukishabomoa udongo ule wadudu wanaingia hata ukiziba upya.

Nikamwambia nitamletea mbegu za dukani Newala, zimefungwa vizuri kwenye pakiti. Afadhali nisingesema. Alinieleza habari za majirani waliokula mbegu zao kwa kutegemea za pakiti, zikaota mwaka mmoja, mwaka wa pili zikatoa mabua kama njiti za kibiriti. "Sasa kila kitu kipo dukani," akasema, "basi nenda kanunue na maneno ya mama yako." Akarudi uani kupukuchua. Mimi nikarudi Newala nikiwa nimefura, na dereva wa pikipiki hakunisemesha njia nzima.

Mwezi wa kumi tulikuwa na ibada ya kumsimikia mama msalaba kule Lulindi. Nilikuwa nimewaahidi ndugu, tena kwa mdomo mpana, kwamba siku hiyo nitawasomea visa vyake, wajukuu wamsikie bibi yao. Padri akaniita mbele. Nikasimama mikono mitupu nikasoma zaburi. Mama mkubwa alikuwa benchi la kwanza, amejitanda khanga mpya, ametulia kama hana kesi na mtu. Tulipotoka akanishika mkono akasema, "Zaburi umeisoma vizuri." Nilitamani kulia kwa hasira, na kwa sababu nilimkumbuka mama. Yote mawili kwa pamoja.

Ukiniuliza kama niliwahi kufikiria kukiiba kibuyu, nitakwambia ndiyo. Nilikwenda Mnyambe mara nyingi kiangazi kile, na sukari, na sabuni, na mara moja na samaki mkavu mzuri sana. Mama mkubwa alipokea vyote. Tukikaa jikoni jicho langu linapanda lenyewe darini, na yeye anachochea moto, na mimi nikiona ulimi wa moto unaruka najihisi kama unanichoma mimi. "Kiache," alikuwa akisema bila kugeuka. "Nakuona unavyokitazama."

Katikati ya kungoja nilishuka Masasi nikamweleza mwenye duka la intaneti. Alicheka mpaka akavua miwani. Nilimwacha acheke, kisha nikamwambia anifungulie blogu nyingine. Safari hii paswedi nilikaa nayo kitako. Nilitafuta jambo la utotoni mwangu ambalo hakuna aliye hai analijua, nikalichanganya na tarakimu zisizo za kuzaliwa kwa mtu yeyote, nikaongeza alama zile za juu ya tarakimu. Mume wangu hajui. Padri hajui. Hata nikifa mtu asihangaike kuitafuta, maagizo nimeyaacha kwa njia nyingine. Blogu ikafunguka, nyeupe, haina neno hata moja. Nilikuwa nimejenga banda zuri lenye kufuli zuri, na ng'ombe hayumo.

Mvua zilichelewa. Korosho zikaokotwa, zikauzwa, watu wakaanza kutazama juu. Siku moja Newala pakanyunya, nikambip jirani wa mama mkubwa, maana mama mkubwa mwenyewe simu hataki hata kuisikia. Jirani akapiga, nikasikia sauti ya mama mkubwa kwa mbali nyuma yake: "Mwambie manyunyu siyo mvua." Simu ikakatwa.

Mvua yenyewe ilikuja asubuhi, nikiwa darasani. Ilipiga mabati mpaka watoto wakaacha kuandika. Simu ikatikisika mara moja ikanyamaza. Ni jirani, amenibip. Niliwaachia watoto hesabu za kutosha, nikaazima laptopu ya ofisi ya parokia, nikaiviringisha nailoni, nikamtafuta yule yule dereva wa pikipiki. Tuliteleza sana. Sikumgombeza hata mara moja, mwenyewe akashangaa.

Mama mkubwa alikuwa amejiandaa. Ametandika ungo mbele ya mafiga, kisu kipo, kibuyu kimeshushwa lakini hakijafunguliwa. "Nimekungoja," akasema, kana kwamba mchelewaji ni mimi. Akakata udongo taratibu, akalichomoa gunzi, akamimina. Yakaja majivu, zikaja kunde, yakaja mahindi, mazima, yanang'aa, hakuna hata punje iliyotobolewa. Mimi nikanyoosha mkono kwenye kile kitambaa, akanichapa kidogo vidoleni. Kwanza alipepeta, akatenga za kupanda, akatenga kidogo akazirudisha kibuyuni. Ndipo akanipa kitambaa.

Flashi ilinuka moshi. Plastiki yake nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Niliifuta kwa khanga, nikaipuliza, nikaichomeka. Pakapita muda ambao sipendi kuukumbuka. Kisha taa yake ndogo ikawaka, ikapepesa, na visa vya mama vikajipanga kwenye kioo, kimoja chini ya kingine. Nililia, wala sioni haya kusema. Mama mkubwa akaniacha nilie, yeye akaendelea kuokota majivu kwenye kunde.

"Haya, soma," akasema. "Nimeitunza muda wote huu, sijui hata imesema nini."

Na kweli, hakuwahi kusikia hata kisa kimoja. Alikuwa amekataa siku zote, akisema laptopu ni bati tu, na yeye hawezi kukaa kusikiliza bati. Nikachagua cha utoto wao, siku walipotumwa kulinda mahindi wasiliwe na nyani. Nikasoma kama mama alivyosema: jinsi walivyokaa juu ya dungu, jinsi nyani dume alivyotokea, jinsi dada mkubwa alivyoruka chini akatimua mbio na kumwacha mdogo wake peke yake, naye mdogo akapiga debe mpaka baba akaja. Mwisho mama alisema hivi: "Dada yangu alikuwa na mbio. Mkitaka kujua, muulizeni nyani."

Mama mkubwa aliacha kuokota majivu.

"Mwongo huyu," akasema. "Mwongo tangu mtoto. Debe gani? Debe tulilitoa wapi sisi? Alikuwa amelala. Amelala fofofo na mate yanamtoka. Mimi nilikimbia kumwita baba."

"Nisome tena?"

"Soma tena."

Nikasoma tena. Pale kwenye mbio alicheka kwa sauti nyembamba ambayo sijapata kuisikia kwake, akajipiga paja, akarudia, "Muulizeni nyani," akiiga sauti ya mama yangu hasa, mpaka nywele zikanisimama. Nikasoma mara ya tatu. Kisha akaniambia niandike na la kwake, kwamba mdogo alilala, kwamba debe halikuwepo, kwamba mbio zilikuwa za kuita msaada. Nikaandika anavyosema, pale pale, mvua inapiga nje. Nikamsomea. Akaridhika, akarekebisha neno moja.

Akakaa akitazama kile kioo.

"Sasa yeye amesemaje?"

Nikamtazama. Alikuwa anangoja kweli, kichwa amekiinamisha upande, vile alivyokuwa akifanya mama akiwa hai, wakibishana Krismasi nzima, kila mmoja akimngoja mwenzake amalize ili amkate.

"Hajasema kitu, mama mkubwa."

"Hana la kusema," akasema. "Nilijua."

Alijifuta macho kwa upindo wa khanga, bila kujificha, akasema amemkumbuka sana mdogo wake. Kisha akauliza kama nimekwisha kuvihamisha kwenye kile kikubwa. Nikamwambia nimekwisha, na vyote nitavipandisha Masasi, na flashi nyingine nitaipeleka Lulindi. Akanyoosha kiganja. Nikampa ile ya rangi ya chai, sasa ina kisa chake ndani. Akaifunga kwenye rambo, akaiviringisha kitambaa, akaitia kibuyuni juu ya zile mbegu chache alizozirudisha, akafukia na majivu.

"Lile lake usilifute," akasema, akitafuta gunzi. "Hata kama ni la uongo. Yakae pamoja."

Nikaenda nje kwenye mvua, nikamletea udongo wa kichuguu wa kuzibia.